Maswali ya Wasomaji: Tuitwe Kabla Wino Haujakauka

Katika toleo lililopita tuliwaalika wasomaji watuandikie kuhusu namna wananchi wanavyoweza kushiriki kupanga maisha na uchumi unaotoa hewa ukaa kidogo. Barua zilizofika ni nyingi kuliko kurasa tulizonazo, na nyingi kati yake zinafanana, kwa hiyo nimechagua sita na kuzifupisha pale ilipobidi. Nazijibu kama mtu ambaye kwa miaka mingi kazi yake imekuwa kuendesha mikutano ya aina hii, mingine ikafanikiwa na mingine ikaniacha na aibu.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwenyekiti wa kamati ya maendeleo mahali ninapoishi. Tuliitwa kwenye warsha ya siku mbili, tukaambiwa tufumbe macho na kuiwaza jamii yetu itakavyokuwa mwaka 2050, kisha tuchore. Tulichora miti, watoto wakicheza na mitambo ya upepo. Karatasi zikakusanywa, picha zikapigwa, tukarudi makwetu. Je, zoezi hilo lina maana yoyote, au tulipotezewa muda?

JIBU: Ndugu Mwenyekiti, zoezi lenyewe halina kosa. Kosa ni kulimaliza pale lilipopaswa kuanza. Kuchora kesho tunayoitaka ni hatua ya kwanza ya mbinu inayojulikana katika taaluma ya mipango ya nishati, ambayo Mkanada John Robinson aliipa jina na kuifafanua mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kwa Kiswahili tunaweza kuiita kupanga kwa kurudi nyuma. Anayetabiri huuliza: kwa mwendo huu tulio nao, tutafika wapi? Anayepanga kwa kurudi nyuma huanzia mwisho wa safari, akauliza: ili tuwe pale mwaka 2050, ni lazima tuwe wapi mwaka 2040, na ili tuwe hapo mwaka 2040, ni jambo gani lisilostahili kufanyika mwaka huu? Swali hilo la mwisho ndilo ambalo waandaaji wengi hulikwepa, kwa sababu ndilo linalomgusa mwenye mradi, mwenye bajeti na mwenye mhuri.

Chukua mfano wa umeme. Mtambo wa makaa ya mawe ukishajengwa hufanya kazi kwa miaka 30, 40 au zaidi. Maana yake ni kwamba mtambo utakaozinduliwa katika miaka hii bado utakuwa unatoa moshi katika ile picha yenu ya 2050 yenye miti na watoto, hata kama hakuna aliyeuchora. Ndivyo ilivyo kwa majengo, barabara na viwanda vya saruji: vyote huamuliwa leo na kuishi miongo mingi. Jopo la Kimataifa la Wataalamu wa Mabadiliko ya Tabianchi lilieleza mwaka 2018 kwamba, ili joto la dunia lisipande zaidi ya nyuzi 1.5, au livuke kiwango hicho kidogo tu, hewa ukaa inayotolewa na binadamu ingepaswa kupungua kwa takriban asilimia 45 ifikapo 2030 ikilinganishwa na mwaka 2010, na kufikia mwaka 2050 au karibu na hapo isizidi ile inayoweza kuondolewa tena hewani. Ukizisoma tarehe hizo kwa kurudi nyuma utaona kwamba kazi kubwa imo katika hii miaka ya mwanzo, ambayo warsha za kufumba macho huiruka.

Mwaka 2010 wizara ya nishati ya Uingereza ilitoa kikokotoo ambacho mtu yeyote aliweza kukitumia kutengeneza njia yake mwenyewe ya kufika 2050. Aliyekiongoza ni mwanafizikia David MacKay, aliyekuwa mshauri mkuu wa kisayansi wa wizara hiyo. Kila sekta, kuanzia usafiri hadi joto la majumbani, ilikuwa na ngazi nne: ya kwanza ni kutofanya juhudi, ya nne ni kusukuma mambo hadi ukingo wa kile kinachowezekana. Mtumiaji alichagua ngazi, akaona papo hapo kama lengo la wakati ule la kupunguza asilimia 80 ya gesijoto limefikiwa. Nchi nyingine kadhaa zikatengeneza vikokotoo vyao kwa mfano huo. Uzuri wake ni kwamba hakikumwambia mtu achague nini. Kilimkatalia tu kuchagua kila kitu kwa pamoja bila gharama.

Nimewahi kulifanya zoezi hilo bila kompyuta. Tulichora jedwali kwenye karatasi kubwa, safu moja kwa usafiri, nyingine kwa kupikia, umeme, majengo, viwanda na misitu, kila safu na visanduku vinne, tukatumia vifungo vya shati kuonyesha ngazi. Bwana mmoja alikisukuma kifungo cha misitu hadi kisanduku cha nne, akaegemea kiti akisema kazi imekwisha, tupande miti tu na mengine yaendelee kama kawaida. Mama aliyekaa mkabala naye akauliza miti hiyo itapandwa wapi. Bwana akaonyesha kwenye ramani. Mama akainama, akaitazama ramani kwa muda, akasema, "Hapo ndipo ninapokodi kulima." Hakuna aliyecheka. Yule bwana alikirudisha kifungo hadi kisanduku cha pili kwa kidole kimoja, na kwa mara ya kwanza siku hiyo meza nzima ikaanza kuzungumza kuhusu usafiri. Picha zenu, Mwenyekiti, zilikosa saa moja kama hiyo. Waandikieni waandaaji mkawaombe karatasi zenu zirudi, na mkutano wa pili uanzie hapo.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi, mwaka wa tatu. Kwa heshima zote, sioni kwa nini mambo ya gridi, betri na kodi ya hewa ukaa yaamuliwe na watu ambao hawajui kilowati ni nini. Mgonjwa hapigi kura kuhusu upasuaji wake. Je, ushiriki wa umma hauwezi kuchelewesha kazi ya haraka?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mfano wako ni mzuri, lakini umesahau kwamba mgonjwa huulizwa kabla ya kupasuliwa, na bila ridhaa yake kisu hakishuki, isipokuwa awe hajitambui. Daktari anajua nini kinawezekana. Mgonjwa anajua nini anaweza kukivumilia, na nani atamtunza akirudi nyumbani. Hivyo ndivyo elimu mbili zinavyogawana kazi hapa pia.

Tazama yaliyotokea Ufaransa. Serikali ilikuwa na hoja ya kitaalamu isiyo na dosari kubwa: ukipandisha kodi ya mafuta kwa ajili ya hewa ukaa, watu watapunguza kuchoma mafuta. Tarehe 17 Novemba 2018 watu waliovaa vizibao vya njano walifunga barabara na mizunguko nchi nzima, wengi wao wakiwa wanaishi mahali ambapo bila gari hufiki kazini, na kabla mwaka haujaisha nyongeza iliyopangwa ikaondolewa. Wataalamu walikuwa wamehesabu lita. Hakuna aliyekuwa amemuuliza mwenye gari kuukuu anayeishi mbali na kituo cha treni atafanya nini Jumatatu asubuhi. Kwa hiyo linalochelewesha kazi ya haraka mara nyingi ni kutouliza.

Kutokana na msukosuko huo likaundwa baraza la wananchi 150 waliopatikana kwa bahati nasibu, kwa namna ya kuakisi umri, jinsia, elimu, kazi na makazi ya Wafaransa. Waliketi kuanzia Oktoba 2019 hadi Juni 2020, wakapewa swali moja: jinsi gani nchi ipunguze gesijoto kwa angalau asilimia 40 ifikapo 2030 ikilinganishwa na 1990, kwa moyo wa haki ya kijamii. Walisikiliza wanasayansi, wanasheria na wenye viwanda, wakabishana, wakatoa mapendekezo 149, mengi yakiwa makali kuliko yale ambayo wanasiasa wenyewe walithubutu kuyataja. Ireland ilikuwa imekwisha kufanya jambo kama hilo mwaka 2017, wananchi 99 na mwenyekiti aliyekuwa jaji, na asilimia 80 kati yao wakasema wako tayari kulipa kodi zaidi kwa shughuli zinazotoa hewa ukaa kwa wingi, kwa masharti waliyoyaandika. Uingereza mwaka 2020 ilikusanya watu 108, na wengi wao waliunga mkono kodi ya usafiri wa ndege inayopanda kadiri mtu anavyosafiri mara nyingi na mbali zaidi.

Nataka uone jambo moja katika mifano hiyo mitatu. Hakuna aliyechaguliwa kwa sababu anajua kilowati ni nini, na hakuna aliyeulizwa maoni yake siku ya kwanza. Walifundishwa kwanza, kwa wikiendi kadhaa, na watu kama utakavyokuwa wewe ukihitimu. Mhandisi hakuondolewa, aliwekwa mbele ya ubao na kutakiwa aeleze mpaka aeleweke. Ninavyoona mimi, mtaalamu asiyeweza kuueleza mpango wake kwa watu 100 wenye akili timamu na muda wa kutosha hana budi kurudi akauangalie tena huo mpango.

Sitakuficha kwamba mabaraza haya yana udhaifu wake. Watu 150 si taifa, na mwananchi aliyebaki nyumbani hakupitia yale masomo, hivyo huweza kuyaona mapendekezo yao kuwa ya kigeni sawa na yale ya wizara. Ndiyo maana yafaa mijadala irushwe hewani na karatasi zote za wataalamu ziwekwe wazi, ili jirani naye apate kufuatilia.

SWALI: Katika mkutano kuhusu mradi mmoja wa nishati tulipitishiwa karatasi ya mahudhurio, tukasaini. Baadaye tukaikuta imeambatishwa kwenye ripoti chini ya kichwa kinachosema wananchi wameridhia. Je, saini yangu ni kura ya ndiyo?

JIBU: Hapana. Saini ya mahudhurio inathibitisha kwamba ulikuwepo, basi. Ukisaini tena, andika pembeni ya jina lako neno "nimehudhuria tu", na piga picha karatasi hiyo kabla haijaondoka mikononi mwako.

Kuna kipimo cha kisheria kinachosaidia hapa. Mkataba wa Aarhus, uliosainiwa Denmark mwaka 1998 na kuanza kutumika 2001 hasa katika nchi za Ulaya na Asia ya Kati, unataka umma ushirikishwe mapema, wakati ambapo chaguo zote bado ziko wazi, na matokeo ya ushiriki huo yazingatiwe katika uamuzi. Amerika ya Kilatini na Karibi zina mkataba wao wa Escazú wa mwaka 2018, na mizizi ya yote miwili iko katika kanuni ya 10 ya Azimio la Rio la 1992 kuhusu mazingira na maendeleo. Karibu zaidi na wasomaji wetu wengi, tarehe 26 Juni 2019 Baraza la Taifa la Mazingira nchini Kenya, ambalo ni mahakama maalumu ya rufaa za mazingira, lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokusudiwa kujengwa Lamu, sababu kubwa ikiwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo: mikutano ya utangulizi haikuweza kuchukua nafasi ya kuwapa watu taarifa ya tathmini yenyewe na kuwasikiliza juu yake.

SWALI: Mhariri, mimi ni mama wa watoto wanne, sina gari, sijawahi kupanda ndege, na umeme ninaotumia ni wa taa na simu. Kila siku redioni naambiwa nipunguze hewa ukaa. Nipunguze ipi? Na kwa nini niende kwenye mikutano ya watu waliochafua?

JIBU: Mama, hasira yako ina takwimu nyuma yake. Ripoti ya mwaka 2022 ya jopo nililolitaja hapo juu inaonyesha kwamba asilimia 10 ya kaya zenye kutoa gesijoto nyingi zaidi kwa kila mtu duniani huchangia kati ya asilimia 34 na 45 ya gesijoto itokanayo na matumizi ya kaya, wakati ile nusu ya chini, asilimia 50 nzima, huchangia asilimia 13 hadi 15 tu. Anayekuambia wewe na mwenye ndege binafsi mna deni sawa anakudhulumu. Siku nyingine ukimsikia redioni, piga simu studio umuulize.

Hata hivyo ningekuomba uende, kwa sababu nyingine kabisa. Wewe huna cha kupunguza, lakini unacho cha kupata, na vitu utakavyovipata katika miaka 20 ijayo ndivyo vinavyojadiliwa mezani bila wewe kuwepo. Utapikia nini baada ya mkaa? Basi litapita karibu na kwako, au barabara itapanuliwa kwa ajili ya magari ambayo hutakuwa nayo? Nyumba za watu wenye kipato cha chini zitajengwa karibu na kazi, au mbali kiasi kwamba nusu ya mshahara iishie kwenye nauli? Ripoti hiyo hiyo inakadiria kwamba mabadiliko ya upande wa watumiaji, kwa maana ya miji inavyopangwa, watu wanavyosafiri, wanavyokula na wanavyojenga, yanaweza kupunguza gesijoto za sekta hizo kwa asilimia 40 hadi 70 ifikapo 2050. Soma vizuri: mengi ya hayo si maamuzi ya mtu mmoja jikoni kwake. Mtu hawezi kuchagua kupanda basi ambalo halipo. Ni maamuzi ya pamoja kuhusu kipi kijengwe, na mwenye kukaa kituoni kwa dakika 50 ana maarifa ambayo mpangaji wa mji aliyefika kwa gari hana.

Naongeza jambo ambalo waandaaji hawapendi kuambiwa. Mkutano ukiitishwa saa nne asubuhi siku ya kazi, ukumbini watakuja wastaafu, viongozi na wenye maslahi, na matokeo yake yataitwa sauti ya wananchi. Mama mwenye watoto wanne anahitaji mahali pa kuwaweka watoto, saa inayofaa, fidia ya siku aliyoipoteza, na mtu wa kumfafanulia kwa lugha anayoiota usiku. Mabaraza yale ya Ufaransa na Uingereza yaliwalipa washiriki wake, na sioni aibu yoyote kudai hivyo.

SWALI: Kwetu kuna mpango wa kujenga mitambo ya upepo. Sisi tunaotaka nishati safi tunagombana na majirani zetu wanaoipinga, nao tunawaita wachoyo. Tufanye nini ili wakubali?

JIBU: Kwanza acheni kuwaita wachoyo. Mtu anayekataa mtambo unaovuma karibu na dirisha lake, unaomilikiwa na kampuni ya mbali na kupeleka umeme mbali vilevile, anafanya hesabu sahihi ya faida na hasara yake. Badilisheni hesabu hiyo ndipo mumuulize tena.

Kisiwa cha Samsø nchini Denmark, chenye wakazi wapatao 4,000, kilishinda mwaka 1997 shindano la kitaifa la kutafuta kisiwa kitakachojiendesha kwa nishati jadidifu. Ushindi huo haukuja na sanduku la fedha. Walichokuwa nacho ni mikutano isiyohesabika, na mwenyeji aliyewajua, Søren Hermansen, aliyekuwa mwalimu, ambaye alipita akizungumza na wakulima mmoja mmoja. Ilijengwa mitambo 11 nchi kavu na baadaye 10 baharini. Baadhi ni mali ya wakulima, mingine ya halmashauri, na mingine iligawanywa kwa hisa ndogo ambazo mkazi wa kawaida aliweza kuzinunua. Mwenye hisa akisikia panga zikivuma usiku hasikii kelele ile ile anayoisikia asiye nazo.

Mfano wa pili napenda kuueleza kwa sababu unaonyesha mchoro ukibadilika. Nje kidogo ya Copenhagen, katika bahari ya kina kifupi iitwayo Middelgrunden, mpango wa awali ulikuwa mitambo 27 iliyopangwa safu tatu. Wananchi waliposikilizwa walilalamika kuhusu mandhari ya mji wao yatakavyokuwa, na wapangaji, badala ya kuwaeleza kwamba hawaelewi maana ya mabadiliko ya tabianchi, walirudi kwenye ubao: mitambo ikawa 20, imepangwa kwa mstari mmoja uliopinda taratibu kama upinde. Ilikamilika mwaka 2000 ikiwa na megawati 40, nusu yake ikimilikiwa na chama cha ushirika chenye wanachama zaidi ya 8,000. Mitambo saba ilipotea karatasini. Bila kupotea hiyo saba, yawezekana kabisa ile 20 isingesimama.

Denmark baadaye iliuweka utaratibu huo katika sheria: kuanzia 2009, na kwa takriban muongo mmoja, mwenye kujenga mitambo mipya ya upepo alitakiwa kutoa angalau asilimia 20 ya umiliki kwa wakazi, wale wanaoishi ndani ya kilomita 4.5 wakipewa kipaumbele. Kwa hiyo ukutane na majirani zako ukiwa na maswali matatu mkononi: nani atamiliki, umbali gani kutoka nyumba ya mwisho, na mapato ya kila mwaka yatafanya nini hapo hapo. Na uwe tayari kusikia kwamba mahali palipochaguliwa si sahihi. Wakati mwingine ndivyo ilivyo, hasa penye malisho au makaburi ambayo ramani ya mwekezaji imeyaandika kuwa eneo tupu.

SWALI: Nimeshiriki mikutano mitano kuhusu mipango ya mazingira. Sijawahi kuona hata pendekezo letu moja likitekelezwa wala kujibiwa. Niende tena nikiitwa wa sita?

JIBU: Uchovu wako unaeleweka, na una wenzako wa daraja la juu. Wale Wafaransa 150 waliahidiwa na rais wao kwamba mapendekezo yao yatapelekwa mbele bila kuchujwa. Mwezi Juni 2020 akayaweka kando matatu, likiwemo la kupunguza mwendo katika barabara kuu hadi kilomita 110 kwa saa. Mengine yakapunguzwa makali yalipopita wizarani na bungeni, na sheria iliyotokana nayo ikapitishwa mwaka 2021. Walipokutana mara ya mwisho mwezi Februari mwaka huo, waliipa serikali alama za jinsi ilivyoyazingatia mapendekezo yao: wastani haukufika 4 kati ya 10. Kosa lilianzia kwenye ahadi yenyewe, kwa maana hakuna serikali inayoweza kuahidi kutochuja chochote, na afadhali angesema mapema ni yapi yaliyo nje ya meza.

Ireland ilikwenda polepole zaidi na kufika mbali zaidi. Mapendekezo ya wale wananchi 99 yalipelekwa kwa kamati maalumu ya bunge iliyoyachambua moja baada ya jingine, yakaingia katika mpango wa serikali wa mwaka 2019, na mwaka 2021 ikapitishwa sheria inayoibana nchi isitoe gesijoto zaidi ya ile inayoweza kuondolewa tena hewani ifikapo 2050. Tofauti kubwa ninayoiona ni kwamba palikuwa na ofisi iliyojulikana tangu mwanzo kuwa ndiyo itakayopokea karatasi na ndiyo itakayojibu.

Kwa hiyo ukiitwa mara ya sita, usikubali wala usikatae kwanza. Jibu kwa barua, uulize nani atapokea maoni yetu, atajibu kwa maandishi ndani ya siku ngapi, na ni jambo gani hasa ambalo bado halijaamuliwa. Swali la tatu ndilo kuu. Nililisikia likiulizwa katika mkutano mmoja niliokuwa nikiuendesha mimi, na mzee aliyesimama nyuma kabisa, kabla hata sijamaliza kusalimia. Ofisa wa mradi alifungua jalada lake, akapekua, akapekua tena, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba lililobaki ni rangi ya uzio. Mzee akashukuru, akavaa kofia yake. Niliufunga mkutano papo hapo, nikarudisha ada yangu, na miezi michache baadaye tuliitwa upya, safari hii kwa ajili ya mradi uliofuata, tukiwa na ramani tatu tofauti mezani na hakuna hata moja iliyopigwa mhuri.